Messi bado yupo Barcelona, na Singida Black Stars imo

Lionel Messi aliondoka Barcelona Agosti 2021. Kwenye banda la gemu linaloendesha PES 2021 hajaondoka. Cristiano Ronaldo naye bado anakipiga Juventus, na wateja wanaosubiri zamu ya pedi hawana habari. Gemu hiyo ilitoka Septemba 2020, na bila intaneti usajili wake umegandia hapo hapo.

Kwa mwenye banda la Singida mjini, kuchagua toleo la kuendesha si suala la kupitwa na wakati. Ni hesabu ya bando, umeme na wateja. Halafu kuna suala la jezi.

Mwaka 2021 Konami ilizika jina la PES na kuleta eFootball, gemu ya bure. Ilipotua Septemba 30 mwaka huo ilichekwa dunia nzima: sura za mastaa zilikuwa vituko, na kampuni ikalazimika kuomba radhi. Imerekebishwa sana tangu hapo, lakini maisha yake yapo kwenye seva. Toleo jipya likitoka, lazima uapdeti kwanza ndipo uingie mchezoni. Kwenye simu ndiyo kabisa: waliokuwa na PES 2021 walijikuta wamehamishiwa eFootball Juni 2022, wapende wasipende.

Upande wa pili wapo EA, walioachana na jina la FIFA mwaka 2023 na kuja na EA Sports FC. Picha kali, vikosi vya msimu huu, ligi kibao. Ila pekua menyu nzima: Simba hakuna, Yanga hakuna, Singida ndiyo usiulize.

Hapo ndipo mzee PES 2021 anapochomoka kama straika aliyetoka benchi. Kwenye PS4 inaruhusu kuingiza picha kwa flashi. Mwenye banda anachukua moja ya zile timu za kubuni ambazo hakuna anayezililia, anabadili jina, anabandika nembo na jezi, kisha anaandika wachezaji mmoja mmoja. Ni kazi ya usiku mzima, na viwango vya wachezaji anavipanga mwenyewe, kwa hiyo ugomvi lazima uwepo. Beki wa Singida mwenye kasi ya Mbappé? Wateja wa Yanga watagoma, na watakuwa na haki.

Mashabiki wa huku, kubadilishiwa toleo wamekuzoea hata nje ya gemu. Singida United ilicheza fainali ya Kombe la FA 2018, ikashuka daraja 2020. Ikaja DTB, ikapanda na kuitwa Singida Big Stars, ikageuka Singida Fountain Gate, kisha ikabaki Fountain Gate na kuondoka mkoani. Mwaka 2024 Ihefu ya Mbarali ikahamia na kuwa Singida Black Stars. Timu iliyoandikwa kwa mkono kwenye PS4 inafutwa na kuandikwa upya kila mara, na hakuna seva ya Japan wala Marekani itakayomfanyia mtu kazi hiyo.

Kwa hiyo banda lenye mashine mbili lina jibu rahisi: moja iendeshe toleo jipya kwa wanaomtaka Lamine Yamal, nyingine ibaki na PES. Lenye mashine moja litabidi liangalie nani anarudi kesho. Ligi ya mtaani haihitaji seva, ni pedi mbili na umeme tu, na dogo anayeweza kucheza dabi na Yanga akiwa na Singida yake ana sababu ya kurudi.

Hatari ipo kwenye kitufe. PS4 ikifutwa, au ikiharibika diski yake, kazi yote ya jezi na majina inaondoka nayo. Nakala ya faili hilo ikae kwenye flashi, na flashi isiazimwe kwa wanaorekodi miziki.