Uyoga Uotao Uani: Wa Kuliwa au wa Sumu?

Mvua za masika zinyeshapo kati ya Machi na Mei, na zile za vuli kati ya Oktoba na Desemba, ardhi ya viunga vya Dar es Salaam huchipuza mazao ambayo hayakupandwa na mtu. Katika nyasi za viwanja vya shule, kandokando ya vichuguu vya Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni, na katika mashamba ya mihogo yaliyosalia Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, uyoga hujitokeza kwa usiku mmoja tu. Mtoto huuchuma akaupeleka jikoni, na hapo swali huzuka: je, uyoga huu wafaa kuliwa?

Uyoga ni chakula kizuri, wala si haki kuufukuza wote mezani kwa sababu ya hofu. Hata hivyo, kosa moja katika kulijibu swali hilo laweza kugharimu maisha ya familia nzima, kwani chungu ni kimoja na walaji ni wengi.

Uyoga ni nini?

Uyoga si mmea. Hauna ukijani, na kwa hiyo hauwezi kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Ni mmoja wa viumbe waitwao kuvu. Sehemu tuionayo juu ya ardhi ni tunda tu. Kiumbe chenyewe ni wavu wa nyuzi nyembamba uliotanda ndani ya udongo, mboji au mti uliooza. Kazi ya tunda hilo ni kutawanya spora, yaani vijimbegu vidogo mno visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho. Katika uyoga mwingi, spora hutoka kwenye vibamba vyembamba vilivyopangwa chini ya kofia kama kurasa za kitabu.

Kanuni zisizotegemeka

Watu wengi wamerithi kanuni fupi za kuutambua uyoga wa sumu. Wapo wasemao kwamba ukiliwa na konokono au wadudu, basi ni salama kwa binadamu. Wengine huupika pamoja na sarafu ya fedha au kitunguu, wakiamini kwamba sumu itavigeuza rangi. Wengine husema kwamba uyoga wenye ngozi inayomenyeka ni mwema, au kwamba chumvi na moto huondoa kila dhara.

Kanuni zote hizo hazina msingi. Mwili wa konokono haufanani na wetu, na kinachomshibisha yeye chaweza kutuua sisi. Hakuna sumu moja ya uyoga. Ziko nyingi, zenye kemia tofauti, na zile za kuogopwa zaidi hazibadilishi rangi ya fedha wala ya kitunguu. Tena baadhi yake haziharibiwi na moto hata chungu kikichemka kwa muda mrefu.

Wawili wanaofanana

Tutazame mfano ulio karibu nasi. Uyoga wa kichuguu, ambao wataalamu huuita Termitomyces, ni miongoni mwa vyakula vipendwavyo sana katika Afrika. Mchwa huukuza chini ya ardhi juu ya masega wanayoyajenga kwa mabaki ya mimea, nao hula kuvu hao. Mvua ziingiapo, uyoga huchomoza juu. Katika aina nyingi, kofia huwa na ncha katikati, na shina huendelea chini ya udongo kama mzizi mrefu hadi kwenye masega. Aina moja iliyoelezwa kutoka Zambia mwaka 1980, Termitomyces titanicus, ina kofia iwezayo kufikia upana wa karibu mita 1.

Mwingine ni Chlorophyllum molybdites, uotao katika nyasi za nchi za joto duniani kote, mara nyingi kwa duara. Kofia yake ni kubwa na nyeupe, yenye magamba ya kahawia, na shina lina pete. Wavutia macho, na mtu mwenye haraka huweza kuudhani kuwa ni uyoga wa kichuguu. Mlaji wake hushikwa na maumivu ya tumbo, kutapika na kuhara vikali baada ya saa 1 hadi 3. Mtu mzima kwa kawaida hupona, lakini mtoto mdogo aweza kupoteza maji mengi mwilini hata akawa hatarini.

Zoezi la darasani

Tofauti kati ya hao wawili yaweza kuonekana darasani. Mwalimu achague uyoga uliokwisha kufunguka vizuri, akate shina, na alaze kofia juu ya karatasi nyeupe, vibamba vikitazama chini. Aifunike kwa bilauri hadi kesho yake. Spora zitaanguka na kuacha chapa. Chapa ya uyoga wa kichuguu huelekea rangi ya waridi. Ya Chlorophyllum molybdites ni ya kijani. Kushika uyoga kwa kawaida hakudhuru, lakini mtu yeyote asiuonje, na kila mwanafunzi anawe mikono.

Wanafunzi waongozwe pia kuona mipaka ya jaribio hili. Uyoga mchanga wa Chlorophyllum bado una vibamba vyeupe na hautoi chapa ya kijani. Na ingawa chapa ya kijani yatosha kuukataa uyoga, chapa isiyo ya kijani haitoshi kuukubali. Jamii ya Amanita hutoa chapa nyeupe, nayo ndiyo yenye uyoga unaoua watu wengi kuliko wote duniani.

Sumu isiyo na haraka

Uyoga huo ni Amanita phalloides, na sumu yake huitwa amatoksini. Kwa saa 6 hadi 24 mlaji hajisikii lolote. Kisha hutapika na kuhara, halafu hupata nafuu na kudhani kwamba balaa limepita. Kumbe sumu imeingia katika ini, ikizuia chembe hai zisitengeneze protini, na siku chache baadaye ini laweza kushindwa kabisa. Ndiyo maana kuonja kidogo na kusubiri si kipimo.

Hata hivyo jamii hiyohiyo ina ndugu waliwao. Katika misitu ya miombo ya Tanzania huota Amanita tanzanica, ulioelezwa kisayansi mwaka 1994, nao ni chakula. Jamii moja basi yabeba kitoweo na mauti.

Elimu ya wazee na mipaka yake

Wakazi wengi wa viunga vya jiji wametoka mikoa ya bara, ambako wazee wanaufahamu uyoga kwa majina, kwa miti unakoota na kwa majira yake. Elimu hiyo ni ya kweli. Watafiti Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leo Mwasumbi waliitumia walipotayarisha kitabu chao juu ya uyoga wa Tanzania, kilichotolewa mwaka 2003. Lakini elimu hiyo imefungamana na mahali. Mwenye kujua uyoga wa miombo ya Iringa hajui kwa hilo pekee uyoga wa mchanga wa pwani. Watu wawili walifariki Januari 2012 baada ya kula Amanita phalloides huko Canberra, Australia, katika mlo wa mkesha wa mwaka mpya. Uyoga huo hufananishwa kwa urahisi na uyoga mwema unaoliwa sana katika Asia.

Jibu basi si kanuni, bali ni kufahamiana. Kula ule tu ambao mjuzi wa mahali hapo hapo ameutambua kwa jina, tangu kofia hadi mwisho wa shina lililofukuliwa. Penye shaka, utupwe. Uyoga wa kandoni mwa barabara kuu na wa majalalani uachwe hata ukijulikana, maana kuvu huweza kukusanya madini ya sumu kutoka udongoni. Asiye na mjuzi anao uyoga wa kupandwa, kama vile mamama, unaolimwa nchini kwa mabaki ya mazao.

Mtu akishakula

Anayeshukiwa kula uyoga wa sumu apelekwe hospitali mara moja, hata akiwa hajaumwa, pamoja na wote waliokula chungu kimoja naye. Wachukue mabaki ya uyoga, mabichi na yaliyopikwa, na waeleze saa ya mlo. Wasipoteze muda kwa maziwa wala mafuta. Saa kati ya kula na kuanza kuumwa ni habari muhimu kwa daktari: maradhi yaanzayo baada ya saa 6 au zaidi ndiyo ya kuogopwa kuliko yote.