Nani Alimlisha Mtu wa Kale?

Maisha ya mtu wa kale hayakuandikwa popote. Hata hivyo yaliacha dalili zake ardhini, na kazi ya wataalamu wa mambo ya kale ni kuzisoma dalili hizo kwa uangalifu. Mahali pamoja penye dalili nyingi ni Korongo la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania.

Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aligundua hapo fuvu la kiumbe aliyepewa jina la Zinjanthropus. Uchimbaji uliofuata ulifunua uwanda wa kale wenye umri wa miaka milioni 1.8 hivi. Juu yake yalitapakaa mawe yaliyochongwa zaidi ya 2,000, pamoja na maelfu ya vipande vya mifupa ya wanyama.

Je, kwa nini vitu hivyo vilirundikana mahali pamoja? Kwa kawaida sokwe hula chakula pale pale anapokipata, lakini binadamu hukibeba akawapelekea wenzake. Kwa kuzingatia tofauti hiyo, mwaka 1978 mtaalamu Glynn Isaac alitoa rai kwamba watu wa kale walikuwa na mahali pa kukutania. Baadhi yao walitafuta nyama, wengine walichuma matunda na kuchimba mizizi, kisha wote walirudi na kugawana. Kwa maoni yake, ugawanaji huo ulisaidia kukuza lugha, akili na tabia ya kutegemeana.

Si wataalamu wote walioikubali rai hiyo. Mwaka 1981 Lewis Binford alidai kwamba mifupa mingi ya Olduvai ilikuwa masazo ya wanyama wakali, na kwamba mtu alifika baadaye kutafuta uboho tu. Mwaka huohuo watafiti wengine walitangaza kwamba baadhi ya mifupa hiyo ina mikwaruzo ya makali ya mawe. Mingine ina alama za meno ya wanyama, na michache ina alama za aina zote mbili. Hivyo ilithibitika kuwa nyama ilikatwa kwa mawe. Mjadala uliobaki ni kama mtu aliufikia mzoga kabla ya simba na fisi au baada yao.

Lakini katika mjadala huo wote kuna jambo moja linalosahauliwa kwa urahisi. Jiwe na mfupa hudumu, bali tunda, mzizi na asali huliwa au huoza bila kuacha alama. Anayehesabu vilivyobaki peke yake ataona wawindaji tu, na hatawaona wachumaji.

Wahadzabe, waishio karibu na Ziwa Eyasi, wamewasaidia wataalamu kuliona pengo hilo. Wao ni watu wa leo kama watu wengine wote, wala si mabaki ya zama za kale. Hata hivyo, njia yao ya kujipatia chakula inafundisha mengi. Wanaume huwinda kwa upinde na kurina asali. Wanawake huchimba mizizi kwa fimbo zilizochongwa ncha, na huchuma matunda na ubuyu. Nyama huweza kukosekana kwa siku nyingi, lakini mizizi hupatikana karibu kila siku. Katika miaka ya 1980, Kristen Hawkes na wenzake waliona kwamba wanawake wazee walichimba kwa bidii kubwa na kuwalisha wajukuu wao. Huenda bibi wa namna hiyo alikuwa nguzo ya jamii za kale pia, ingawa kazi yake haikuacha mfupa wala jiwe.

Wanafunzi wanaweza kulijaribu jambo hili wenyewe. Waandike vyakula vyote vilivyoliwa nyumbani kwao kwa juma moja, na majina ya waliovileta na kuvipika. Kisha wahesabu ni vyakula vingapi vitakavyokuwa na alama ardhini baada ya miaka kumi tu.