Je, Wajua? Kidonda Kisichopona na Jua la Unguja

Je, wajua kuwa saratani kwa Kiarabu ni kaa, huyu huyu anayekimbia upande kwenye mchanga wa Jambiani? Wagiriki wa zama za Hippocrates nao waliupa ugonjwa huu jina la kaa, na Walatini wakafuata, kwa jinsi mishipa inavyotanda kuzunguka uvimbe mfano wa miguu yake. Wanajimu wa pwani wanalijua neno hili tangu kale, maana Saratani ni moja ya zile buruji kumi na mbili. Kwa saratani ya ngozi jina limekaa mahali pake. Sehemu inayoonekana juu inaweza kuwa ndogo kuliko iliyojifukia, na ndiyo sababu daktari hakati pale jicho linapoishia. Hukata pamoja na ukingo wa ngozi nzima: kama milimita 4 hadi 6 kwa saratani za kawaida za ngozi, na sentimita 1 hadi 2 kwa melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi, iliyokwisha kuzama.

Je, wajua kuwa bamvua, yale maji makuu yanayowaweka wakulima wa mwani juani, ina saa zake? Unguja, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa mnamo saa nne. Maji mafu hayana nafasi ya kutosha kwa kazi ya mwani, kwa hiyo kina mama wa Paje na Jambiani, ambako kilimo hiki kilianza 1989, hungoja bamvua. Na bamvua huwapeleka pwani wakati jua linapanda, ikawarudisha likiwa utosini. Kisiwa kiko nyuzi 6 kusini ya Ikweta. Jua hutupita juu ya kichwa hasa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena katika wiki ya pili ya Oktoba. Mchanga mkavu hurudisha juu kama asilimia 15 ya miale inayochoma ngozi, povu la bahari asilimia 25, na hata nusu mita chini ya maji miale hiyo bado ina asilimia 40 ya nguvu yake. Mtazame mama wa mwani akiinama kufunga kamba kwenye vigingi: mtandio umezungushwa hadi kidevuni, mikono ya nguo imeshuka mpaka kwenye viganja, na uso umeelekea majini. Jua linampiga kutoka juu na kutoka chini.

Mavazi yetu yana mengi ya kutufaa hapa. Mtandio hufunika masikio na shingo, sehemu mbili ambazo saratani ya jua huzipenda sana. Kofia ya kiua, pamoja na uzuri wake wote, haina ukingo, na humwachia mwanamume masikio, pua na kisogo. Kofia pana ya ukili ya mkulima ndiyo inayokinga. Ndani ya Mji Mkongwe vichochoro vyenyewe ni kinga, kwani kivuli hupunguza miale kwa nusu au zaidi. Ukitokeza Darajani ndipo unapokutana na jua lenyewe.

Kwa wengi wetu rangi ya ngozi ni mwavuli tuliozaliwa nao. Mtu mwenye ualbino hakupewa mwavuli huo, na Tanzania ina watu wenye ualbino wengi kuliko nchi nyingi duniani. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni mtu 1 kati ya 1,400, wakati Ulaya ni kama 1 kati ya 17,000 au zaidi. Utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa 1985 ulikuta ngozi zao zimeanza kuharibika tangu utotoni. Kwa hiyo ninapoandika juu ya kidonda kidogo kwenye sikio au mdomo wa chini, chenye ukoko unaobanduka na kurudi, ninamwandikia kwanza mzazi wa mtoto mwenye ualbino. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun, yaliyobuniwa na mfamasia Mhispania Mafalda Soto Valdés kwa ajili ya ngozi zao hasa, na watu wenye ualbino hupewa bure. Mafuta hayo ni dawa, si kipodozi, na mtoto ayapake kila siku kabla ya kwenda skuli.

Je, wajua kuwa mwenye ngozi nyeusi naye hupata melanoma, lakini mara nyingi huanzia mahali pasipopigwa jua? Hupenda unyayo, kiganja, na chini ya kucha. Bob Marley alikuwa na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu kilichodhaniwa ni jeraha la mpira. Mwaka 1977 ikajulikana kuwa ni melanoma, na tarehe 11 Mei 1981 alifariki Miami akiwa na miaka 36. Unguja vijana hucheza mpira miguu mitupu jioni nzima, na kila mmoja ana kucha iliyowahi kuvilia damu. Damu iliyovilia husogea mbele kadiri kucha inavyoota. Mstari mweusi usiosogea, unaopanuka na kumwaga weusi kwenye nyama ya pembeni, uonyeshe kwa daktari wiki hiyo hiyo.

Kuna pia kidonda ndugu. Jean-Nicolas Marjolin, tabibu wa Kifaransa, alieleza mwaka 1828 vidonda vinavyoota juu ya makovu ya zamani, na leo saratani inayozaliwa kwenye kovu la moto au kidonda cha miaka mingi ina jina lake. Mtu aliyeungua na mafuta ya taa utotoni, kovu likapasuka ukubwani na kukataa kufunga, asiendelee kubadilisha bendeji tu. Apimwe.

Sasa tuingie chumba cha daktari. Kukata saratani ndogo ya ngozi katika kliniki binafsi hakuhitaji usingizi wala kulazwa. Daktari huchora kwa kalamu umbo la mtumbwi unaotazamwa kutoka juu, urefu wake kama mara tatu ya upana, ili ncha zifunge bila kukunjika. Mtumbwi huo huelekezwa kufuata mikunjo ya ngozi, kovu lijifiche humo. Kisha sindano ya ganzi, lidokeni, iliyotengenezwa Uswidi mwaka 1943 na Nils Löfgren. Huwasha kwa sekunde chache, halafu unabaki na mguso usio na maumivu. Utasikia kuvutwa, utasikia mlio wa chombo cha kuunguza mishipa na harufu yake kama ya nywele zilizobabuka. Usishtuke. Mara nyingi nusu saa hadi saa moja imekwisha. Ukiwa na historia ya makovu yanayovimba, hasa kifuani, begani au kwenye ndewe za masikio, mwambie daktari kabla hajashika kisu.

Kuna jambo moja naliona kubwa kuliko kisu. Kile kipande kilichotolewa hutiwa kwenye kichupa cha formalini, kikabandikwa jina lako, kikapelekwa maabara. Hadubini ndiyo itakayosema ni saratani gani na kama kingo zimetoka safi. Uliza mapema kinapelekwa wapi, majibu yatarudi baada ya siku ngapi, na kama kipimo hicho kimo katika bei uliyotajiwa. Kidonda kikishonwa vizuri bila kipimo, kaa anaweza kuwa bado yumo. Ama kidonda kilichochelewa, kikaingia kwenye tezi au mfupa, hakiishii Mji Mkongwe. Wagonjwa wa Unguja wamekuwa wakivuka kwa boti hadi Ocean Road, hospitali ya Dar es Salaam iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, kwa ajili ya mionzi.

 

Kwa kidonda kilichoshonwa, nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku 5 hadi 7, za mgongoni au mguuni kati ya 10 na 14. Ngozi iliyoshonwa huchukua kama miezi mitatu kufikia asilimia 80 ya nguvu yake ya awali, kwa hiyo magunia ya mwani yasubiri zaidi. Lakini kwa mama anayeuliza atarudi lini pwani kufunga kamba zake: bamvua hurudi kila baada ya siku 14 au 15. Akikatwa mguuni leo, maji yakiwa yamepwa kabisa, nyuzi zitatoka karibu na bamvua ijayo. Anakosa hii moja tu.