Mhudumu wa Dharura na Dhamana ya Roho

Tunapenda kulijibu swali wanalotuuliza vijana wanaojitolea kwenye magari ya wagonjwa. Mtu akimhudumia majeruhi kwa nia safi, na majeruhi akafia mikononi mwake, je, ana dhamana? Na cheti kina maana gani kwake, ilhali anafanya kazi hiyo lillahi?

Wengi hudhani nia njema yatosha. Haitoshi. Imepokewa katika Sunan za Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, kwa njia ya Amr bin Shuayb kutoka kwa baba yake kutoka kwa babu yake, hadithi yenye maana kuwa mwenye kujitia utabibu, naye hakujulikana kwao kabla ya hapo, huyo ni mdhamini. Neno la Kiarabu lililotumika ni "tatabbaba". Ibn al-Qayyim ametanabahisha kuwa mizani ya neno hili huonyesha kujikalifisha, yaani kuliingia jambo ambalo mtu si wake. Kwa hiyo, kinachotazamwa kwanza ni kujulikana kwa ujuzi. Cheti ni njia ya zama zetu ya kumjulisha mtu kwa ujuzi wake.

Akiharibu asiyejua, hapana kisasi, kwa kuwa alitibu kwa idhini ya mgonjwa. Lakini diya ipo, na kwa kauli ya mafaqihi walio wengi hubebwa na jamaa zake wa upande wa baba. Ama mjuzi aliyetimiza haki ya kazi yake na mkono wake haukuvuka mpaka, huyo hana dhamana hata mgonjwa akifa.

Hapa huulizwa: majeruhi aliyezimia ataidhinisha vipi? Ibn al-Qayyim ameligusa suala la kutibu bila idhini, akaona yawezekana mtabibu asidhamini, kwa kuwa ni mtenda wema, na Sura ya Tawba aya ya 91 imewaondolea lawama watenda wema. Sisi twaielekea kauli hii kwa aliyezimia barabarani, ila kwa sharti lile lile la ujuzi.

Wala asidhani mtu kuwa mitihani na vyeti ni mambo ya Wazungu. Mwaka 319 Hijria (931 Miladia) ilimfikia Khalifa al-Muqtadir habari ya mtu aliyekufa Baghdad kwa kosa la mtabibu. Akaamuru asitibu mtu mpaka atahiniwe na Sinan bin Thabit, na kila mmoja aandikiwe kazi anayoruhusiwa. Waliotahiniwa walizidi 860. Akaja mzee mwenye haiba nzuri, lakini hajui kusoma wala kuandika vizuri. Akatanguliza dinari na kuomba asikatiwe riziki ya watoto wake. Sinan alicheka, akamruhusu kwa sharti asiguse ugonjwa asioujua, asipasue mshipa wala asitoe dawa kali ya kuharisha. Mzee akasema hiyo ndiyo desturi yake, hajawahi kuvuka sharubati. Zile dinari hazitupendezi hata kidogo; lakini ule mpaka aliowekewa ndio fiqhi yenyewe.

Vitabu vya hisba vilivyofuata vilishika njia hiyo. Al-Shayzari, aliyeishi karne ya 6 Hijria, aliwataka watoaji damu wajifunze kwanza kwenye vishipa vya majani ya mboga kabla ya kugusa mkono wa mtu, na waunga mifupa wajue idadi ya mifupa na umbo la kila mmoja.

Leo Marekani wahudumu wa dharura wana sajili ya taifa tangu mwaka 1970, na cheti chake huhuishwa kila miaka 2. Wa daraja la chini huzuia damu na kutoa oksijeni. Kuingiza bomba kooni ni kazi ya daraja la juu. Uingereza hata jina la paramediki hulindwa kisheria, halitumiwi na asiyesajiliwa. Huyu wa daraja la chini akivuka mpaka wake, kwetu ni kama yule mzee wa Baghdad angepasua mshipa.

Je, mpita njia akae kando? Hasha. Kukandamiza jeraha linalovuja damu na kuita msaada ni uokozi, na kila mwenye uwezo ameamrishwa. Al-Rubayyi bint Muawwidh (r.a.) na wenzake waliwanywesha maji wapiganaji, wakawatibu majeruhi na kuwarudisha Madina. Lakini kumkunja na kumpakia kwenye bodaboda aliyeumia shingo, bila ulazima, kwaweza kumpoozesha maisha. Kuna tofauti baina ya kuokoa na kujitia utabibu.

Tumebakisha mwenye gari, iwe jumuiya au msikiti, anayemweka kijana asiyefunzwa akijua. Kanuni ya mafaqihi ni kuwa mtendaji wa moja kwa moja ndiye hudhamini kabla ya msababishaji. Hata hivyo, majeruhi aliambiwa kuwa hii ni huduma ya wajuzi, na kijana hakujiweka mwenyewe. Kwa rai yetu, aliyemweka ana fungu katika dhambi, na kadhi akimbebesha fungu la diya hatutamwona amekosea.