Mtoto wa chekechea hujifunza kwa mikono, si kwa daftari pekee

WAZAZI wengi katika kaunti za Kisii na Nyamira, kama kwingineko nchini, huipima shule ya chekechea kwa wingi wa kurasa zilizojazwa daftarini. Mtoto wa miaka minne akirejea nyumbani na udongo mikononi, mwalimu hulaumiwa kuwa mzembe.

Lawama hiyo haina msingi. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019 kuchukua mahali pa mfumo wa 8-4-4, unataka watoto wa umri huo wajifunze kwa kucheza, kuimba, kushika na kuuliza.

Sababu ni wazi. Mtoto anaweza kukariri nambari moja hadi ishirini bila kufahamu ishirini ni kiasi gani. Lakini akihesabu ndizi katika kichane, akawagawia wenzake na kutazama zilizosalia, amejifunza hesabu, lugha na ukarimu kwa pamoja. Akielezwa hayo kwa Ekegusii, lugha aliyotoka nayo nyumbani, huelewa upesi zaidi.

Vifaa navyo si ghali. Majani ya chai ya Nyamira yaweza kupangwa kwa ukubwa, na mawe laini ya Tabaka, Kisii, kulinganishwa kwa uzani.

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, elimu ya chekechea ni jukumu la serikali za kaunti. Sharti ziajiri walimu waliohitimu. Mzazi naye asiulize mtoto amepata alama ngapi, bali leo amegundua nini. Wahenga walinena, udongo uwahi ungali maji.