Wachina na Reli ya Milimani

Msafiri atokaye Songea akikusudia kufika Dar es Salaam kwa gari la moshi hana budi kwanza kupanda basi, apite Njombe hadi Makambako, kwani reli haikuletwa Ungonini, nchi ya Wangoni. Lakini akisha kuketi behewani, na gari likaanza kuteremka kuelekea Mlimba, ndipo aonapo kwa macho yake kazi waliyoifanya Wachina kati ya 1970 na 1975, bega kwa bega na Watanzania na Wazambia. Masafa ya vituo hivyo viwili hayazidi sana kilometa 150, walakini mna mahandaki 18 na madaraja 46. Gari liingiapo handakini kiza hushuka ghafla, mvumo wa magurudumu huwa maradufu, watoto huwashika mama zao; kisha nuru hurejea, na bondeni huonekana Mto Mpanga, ambao daraja lake limesimama juu ya nguzo za mita 50.

Wachina hao hawakuwa wageni wa milima wala wa maji. Mwaka ule ule wa 1970 walifungua kwao reli ya kutoka Chengdu hadi Kunming, ipitayo mahandaki zaidi ya 400. Na karne nyingi kabla ya hapo wazee wao walikwisha kuchimba kwa mikono mfereji mkuu uunganishao Beijing na Hangzhou, ambao urefu wake unakaribia ule wa reli yetu nzima, toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, yaani kilometa 1,860. Huko Hangzhou, kando ya Mto Qiantang, ipo pagoda, mnara wa dini ya Kibudha wenye paa juu ya paa, iliyoasisiwa mwaka 970 ili kuomba mawimbi ya mto yatulie, na taa zake zikawaongoza manahodha usiku.

Kwangu mimi, hata hivyo, lililo adhimu kuliko chuma na mawe ni mwenendo wao. Wazee waliofanya kazi nao husimulia kwamba kambini mhandisi na kibarua walivaa nguo za namna moja, kila kambi ililima bustani yake ya mboga, na maji hayakunywewa ila yamechemshwa.

Na linigusalo zaidi ni adabu yao kwa marehemu. Kila mwanzo wa Aprili, siku waiitayo Qingming, Mchina huenda makaburini kwa jamaa zake, akang'oa magugu, akafagia, akaweka maua na chakula. Wenzao zaidi ya 60 walifariki katika kazi ile ya reli, na wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam, ambako Wachina walioko nchini huwaendea na maua. Desturi hiyo si ngeni kwa Mngoni, ambaye naye hutambika kwa mababu, na ambaye kila Februari hukusanyika na wenzake mjini Songea penye kaburi la halaiki la mashujaa wa Vita vya Maji Maji, walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Kwa hiyo naona ni haki, Mngoni ashukapo garini Dar es Salaam, asikose kufika Gongo la Mboto kuwazuru wale waliomtobolea milima.