Uhamisho wa Arua: Hesabu Isiyoanzia Sokoni

Barua ya uhamisho hufika mkononi mwa askari, lakini uzito wake huangukia jikoni. Baba husoma jina la kituo kipya na tarehe ya kuripoti. Mama huuliza mambo ambayo barua haikuyataja: huko nyumba ni kiasi gani, shule iko umbali gani na kambi, watu wanakula nini, na kisima chao hukauka mwezi gani?

Chukua mfano wa koplo mmoja wa polisi aliyezoea Kampala kwa miaka tisa, ambaye mwezi wa Juni ameambiwa aende Arua. Anaye mke na watoto wanne: binti wa darasa la saba, mvulana wa darasa la tano, mwingine wa darasa la pili, na mmoja angali ananyonya. Wanaishi katika chumba cha kambi. Mke huuza chapati na maharage karibu na lango tangu alfajiri, na wateja wake ni askari wa zamu pamoja na vijana wa bodaboda. Kutoka hapo hadi Arua ni safari ya karibu kilomita 500: kaskazini hadi daraja la Karuma, kisha kuelekea magharibi kando ya mbuga ya Murchison Falls, kuvuka Nile tena pale Pakwach, halafu Nebbi, na hatimaye Arua.

Habari ya uhamisho ikishaenea kambini, kila jirani huja na lake. Mmoja husema Arua chakula ni cha bure. Wa pili husema huko hakuna umeme, auze jokofu lake mapema. Wa tatu, ambaye alikaa huko akiwa kijana, huapa kwamba nyumba nzima hupangishwa kwa bei ya chumba kimoja cha Kampala. Hakuna kati yao anayesema uongo kwa kusudi. Kosa ni kwamba kila mmoja anasimulia Arua ya mwaka wake.

Habari ya umeme ni mfano mzuri. Kwa miaka mingi West Nile haikuunganishwa na gridi ya taifa. Ilitegemea jenereta, na tangu mwaka 2012 bwawa dogo la Nyagak lenye megawati 3.5, nguvu ambayo haikuutosha mji unaokua. Aliyeishi huko wakati huo anakumbuka vizuri usiku wa mishumaa. Lakini mwaka 2024 njia kuu ya umeme wa taifa ilifika Arua. Mama akiuza jokofu lake kwa bei ya hasara leo kwa sababu ya kumbukumbu za mtu wa zamani, atalinunua jingine baadaye kwa bei ya dukani. Arua yenyewe ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Si tena kile kimji cha mpakani kinachosimuliwa katika hadithi za wastaafu.

Tuje kwenye chakula, maana hapo ndipo familia nyingi hujidanganya. Ni kweli kwamba soko la Arua lina vitu kwa wingi: unga wa muhogo, mtama, ufuta, karanga, majani ya kunde, asali, na samaki aina ya angara waliokaushwa kutoka Ziwa Albert na Nile upande wa Pakwach. Mwenye kula vitu hivyo atashiba kwa fedha kidogo. Je, familia ya koplo inakula vitu hivyo? Kwa miaka tisa wamezoea matoke, mchele, mkate wa asubuhi na chai ya maziwa mengi. Mkungu wa matoke unaotoka magharibi au katikati ya nchi umelipiwa mafuta ya gari kabla haujafika Arua, na mnunuzi ndiye anayerudisha gharama hiyo. Familia inayong'ang'ania sahani ya Kampala itakuta Arua ni ghali, kisha itaandika barua nyumbani kulaumu mji. Jirani yake, anayesonga unga wa muhogo uliochanganywa na mtama, chakula ambacho wenyeji hukiita enyasa, na kukila kwa mboga ya kunde iliyotiwa ufuta uliosagwa, atasema maisha ni nafuu. Soko lao ni moja na mshahara wao ni mmoja.

Watoto hawabadili kinywa kwa amri. Mama mwenye busara huanza mapema: ananunua kilo mbili za unga wa muhogo akiwa bado Kampala, anasonga mara moja kwa wiki, anaona nani anakula na nani ananuna. Ajue pia majira. Kampala hupata mvua mara mbili kwa mwaka, na mboga za majani hazipotei kwa muda mrefu. Arua, kuanzia Desemba hadi Machi, jua hukausha kila kitu. Mboga hupanda bei na foleni ya mitungi ya maji huwa ndefu. Familia inayofika Agosti itaona nchi ya kijani kibichi, ifurahi, isiweke akiba, kisha Januari iikute bila maharage ndani. Nafaka na ufuta hununuliwa baada ya mavuno, wakati magunia yamejaa sokoni.

Mkaa nao usihesabiwe kama mali ya kupeleka Kampala. Zipo familia zilizozoea kudhani kwamba askari aliye kaskazini anaweza kuwapelekea ndugu magunia mawili matatu kila mwezi. Mei 2023 Rais alipiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara katika sehemu za kaskazini na mashariki, na haifai gunia la mkaa likutwe katika mzigo wa mke wa polisi. Ndivyo ilivyo pia kwa vitenge na mafuta ya mawese yanayopita mpakani kutoka Kongo. Mpaka uko karibu na bei inavutia, lakini kitu kisicholipiwa ushuru kinaweza kumgharimu mume kazi.

Basi hesabu yenyewe ianzie wapi? Ianzie kwenye jambo ambalo familia hulizungumza mwisho, na pengine kwa hasira: mama aende, au abaki?

Wengi huona kubaki ndiko kunakookoa fedha. Chapati zinauzika, watoto wanasoma, kwa nini kuvunja vilivyopo? Lakini chumba cha kambi si cha mke. Ni cha kituo. Koplo akiondoka, atakuja mwingine mwenye barua yake mkononi. Kubaki Kampala maana yake ni kupanga nje. Chukua karatasi, uandike hivi, kwa mfano tu, na kila nyumba iweke tarakimu zake. Chapati humwachia mama shilingi 8,000 kwa siku baada ya kutoa unga, mafuta na mkaa. Kwa siku 25 ni shilingi 200,000. Hizo ndizo anazozilinda kwa kubaki. Sasa toa: kodi ya chumba nje ya kambi shilingi 150,000, chakula cha baba peke yake Arua, ambaye hapiki na atakula hotelini, shilingi 120,000, nauli ya kuja kuona watoto mara moja katika miezi miwili, shilingi 50,000 kwa kila mwezi. Jumla ni 320,000. Punguza shilingi 60,000 ambazo baba angekula katika chungu cha Kampala, zinabaki 260,000. Mama amelinda 200,000 kwa kutumia 260,000.

Kuna na matundu madogo. Fedha zinazopelekwa kwa simu hulipiwa ada, na anayezitoa hukatwa kodi ya serikali ya nusu ya asilimia. Kwa kila shilingi 200,000 hiyo ni 1,000 nyingine, mbali na ada ya wakala. Mshahara wa koplo hauongezeki kwa sababu ana vyungu viwili. Makato ya chama cha akiba, yawe ya Exodus kwa polisi au Wazalendo kwa wanajeshi, yanaendelea kukatwa vilevile. Na kuna gharama isiyoandikika katika karatasi, ambayo kila mke wa askari anaijua: mume aliye peke yake katika mji mgeni, mwezi wa tano, mwezi wa sita, na simu zinaanza kuwa fupi.

Hata hivyo kuhama si bure. Lori au nafasi katika basi la mizigo hulipiwa. Isitoshe, mama hatapata wateja wa chapati siku ya pili. Atafika mahali ambapo hajulikani, na lango la kambi huenda lina muuzaji wake tayari. Aweke akilini miezi mitatu bila faida; katika mfano huu ni shilingi 600,000 zinazokosekana, na lazima zitafutwe kabla ya safari, si baada ya kufika. Marupurupu ya uhamisho yakipatikana ni vema, lakini yasihesabiwe kabla hayajaguswa. Mama ambaye ni mwalimu au muuguzi mwenye mshahara wa kila mwezi anaweza kupata jibu tofauti kabisa kwa hesabu hiihii, naye asione haya kubaki mpaka uhamisho wake upatikane.

Jambo jingine linaloamua ni nyumba ya huko. Kama kambini kuna nafasi, hata ikiwa ni unipoti, kile kibanda cha mviringo cha bati ambacho adhuhuri huwa kama tanuri, familia imeokoa kodi. Kama hakuna, habari ya jirani wa tatu ipimwe upya. Makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Imvepi yameleta wafanyakazi wa mashirika ya misaada katika eneo hilo, nao hutafuta nyumba zenye ua na maji. Kwa hiyo baba atangulie mwezi mmoja, aone kwa macho, aulize wenye nyumba akiwa amevaa nguo za kawaida. Sare hupandisha kodi.

Kwa watoto, kila mmoja ana hesabu yake. Wa darasa la tano atahama bila tatizo kubwa. Wa darasa la pili ataweza kupambana na lugha, kwa kuwa mtaala ulioanza mwaka 2007 unaruhusu madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali, na Kilugbara hajakisikia. Binti wa darasa la saba ndiye mgumu. Amekwisha kusajiliwa kwa mtihani wa mwisho, na mtihani hufanyiwa pale mtoto aliposajiliwa. Kumhamisha Agosti ni kumpotezea mwaka.

Mtoto anayenyonya ana hatari yake. Uchunguzi wa malaria wa taifa wa mwaka 2018/19 ulikuta vijidudu kwa chini ya mtoto 1 katika kila 100 waliopimwa Kampala. West Nile ilikuwa zaidi ya 20. Mtoto aliyelelewa Kampala huingia huko akiwa hana kinga ya kutosha, tena Agosti ni mwezi wa mvua nyingi. Vyandarua vinunuliwe kabla ya kitu chochote kile, na mama aulize kituo cha afya cha karibu siku ileile anayoulizia soko.

Mengine ni ya kupendeza. Watoto watakwenda shule kwa miguu, na fedha za taksi zitabaki mfukoni. Miembe ni mingi. Na mke wa askari ambaye Luganda ilimshinda atagundua kwamba Kiswahili cha kambini, kilichochekwa Kampala, kinatosha kununulia samaki Arua. Wanubi, Walugbara na wafanyabiashara wa Kongo watamjibu bila kumshangaa.

Familia ya mfano wetu ilifikia hivi. Binti alibaki kwa mama yake mdogo hadi Novemba, na posho yake ya miezi mitatu ikalipwa mapema. Mama alikwenda Arua Park, pale katikati ya Kampala ambapo magari ya West Nile hupakia, siku mbili tofauti, asubuhi na jioni, akauliza bei ya mzigo kwa makondakta wanne. Kochi kubwa liliuzwa kambini. Jokofu likafungwa kwa magodoro, karai la chapati na kikaango vikawekwa juu kabisa, mahali pa kuvifikia kwanza.